Mnataka kitambulisho cha nyanya, mlimpa lini?

"Si msasa ulifutwa? Sasa wanalia nini tena?" Swali hili limenichosha. Msasa ni ule uchunguzi wa ziada ambao Wakenya wa jamii fulani hupitishwa kabla ya kupewa kitambulisho cha taifa. Wanaouliza ni wale ambao, walipotimiza miaka 18, walibeba cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, chifu akathibitisha, vidole vikapakwa wino, wakapewa kadi ya kusubiri, wakaenda zao. Hawajawahi kuketi mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama wakaulizwa ukoo wao ni upi na babu yao alizikwa wapi. Kijana wa Garissa, Wajir au Mandera, kaskazini-mashariki, ameulizwa. Mnubi wa Kibera ameulizwa. Huko Pwani, kuna jina la baba linalotosha kabisa kumfanya afisa akunje uso.

Haya, Februari 2025 Rais alitia sahihi tangazo la kuufuta msasa huo. Pongezi apewe. Lakini tangazo halibadilishi alichozoea mtu wa kaunta, na Sheria ya Usajili wa Watu, sura ya 107, kifungu cha 8, inampa afisa mamlaka ya kudai ushahidi zaidi wa yale uliyomweleza. Ushahidi kiasi gani? Hapo ndipo raia mmoja humaliza kwa asubuhi moja na mwenzake akahangaika miaka.

Tuchukue dai la vitambulisho vya babu na nyanya. Katiba, kifungu cha 14, inasema wewe ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa mama au baba yako alikuwa raia. Mama au baba, mmoja anatosha. Nyanya hayumo. Lakini tuseme tumekubali kumtafuta. Kipande, kile kitambulisho cha enzi za mkoloni, kilikuwa cha wanaume, na wanawake waliingizwa kwenye usajili baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978. Nyanya aliyefariki 1975 hakupoteza kitambulisho chake, wala hakukisahau sandukuni. Serikali haikumpa. Leo serikali hiyo hiyo inamdai mjukuu karatasi ambayo haikuwahi kuichapisha, halafu mjukuu akiikosa inamtilia shaka yeye! Wengine huambiwa walete hatimiliki ya shamba. Jamani, ardhi ya kaskazini sehemu kubwa ni ya jamii. Mfugaji atoe wapi hatimiliki ya malisho?

Kuna na wale ambao alama za vidole vyao zimo kwenye daftari la wakimbizi. Kambi za wakimbizi za Dadaab, huko Garissa, zilifunguliwa kuanzia 1991, na ukame ulipobana, familia za Wakenya wa jirani zilijiandikisha humo ili zipate mgao wa chakula na matibabu. Mtoto hakuulizwa. Anafika miaka 18, anaweka kidole, mashine inamtaja kuwa mkimbizi, na mlango unafungwa. Kosa lake ni kwamba aliwahi kulishwa.

Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo M-Pesa yako iko kwa jina la binamu, na mkikosana, pesa ni za binamu. Hupati nambari ya mlipa kodi ya KRA, hufungui akaunti benki, hupigi kura. Hata kuingia jengo la ofisi, soja wa langoni ananyoosha mkono: "Kitambulisho." Ofisi unayotaka kulalamikia kukosa kitambulisho mara nyingi iko ndani ya jengo hilo hilo. Ukizaa, cheti cha mtoto nacho kinadai vitambulisho vya wazazi, na safari inaanza upya kwa kizazi kingine.

Najua nitajibiwa na usalama. Sawa, magaidi walishambulia Westgate, wakashambulia Garissa, watu 148 waliuawa chuoni, na anayelichukulia hilo kwa mzaha hana akili. Ila shughuli isiyo na orodha ya mwisho ya karatasi ndiyo rahisi kuuzwa. Mwenye nia mbaya ana pesa ya kumlainisha mtu. Anayebaki nje ni mtoto wa mchunga mbuzi aliyekosa nauli ya kurudi mara ya tatu.

Na tusidanganyane kwamba haiwezekani. Wamakonde, jamii iliyoishi Kenya miaka mingi bila uraia, walitembea kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016, na baadaye wakatambuliwa na kupewa vitambulisho. Wapemba, nao walioishi bila uraia, wakafuata 2023. Sheria haikuzuia, kilichokosekana miaka yote hiyo ni mtu wa kutia sahihi.

Kwa hiyo ukikataliwa, usiondoke na "njoo wiki ijayo" mkononi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inaeleza namna ya kuidai. Andika barua ya ukurasa mmoja: tarehe uliyofika, ofisi, nambari ya fomu, karatasi ulizotoa, ulichoambiwa. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, andika hilo pia, tarehe na saa, kisha upeleke malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya maafisa wa serikali. Na wale wa wizarani wabandike kila mwezi, kwa kila ofisi ya usajili, maombi mangapi yamepokelewa, mangapi yamekataliwa, na kwa sababu gani. Tuweke ya Wajir kando ya ya Nyeri, tuone kama msasa ulifutwa.