Halali ya Kituruki

Kwanza, sikutapika. Pili, hakuna sheikh aliyenihalalishia kitu. Najua Shebe ameshawamwagia kwenye grupu tangu jana usiku kwamba huku Uturuki nimetapika mvinyo na sheikh kanihalalishia pombe. Ile sauti yake ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nimejifunika shuka. Sasa sikieni kwa mwenye pua yake.

Tulikuwa Urla, nje kidogo ya İzmir, kwa mzee mmoja mwenye kishamba chake cha zabibu. Kazi yangu mnaijua: nawamiminia wageni mvinyo hotelini. Mama yangu naye anajua kwamba namimina tu. Shebe nilimchukua anisaidie mabegi. (Ushauri wa bure: usisafiri na mtu mwenye bando.)

Mzee akafungua Bornova Misketi, mvinyo mweupe wa zabibu za misketi. Jina ni la Bornova, siku hizi wilaya ya jiji la İzmir. Zabibu za misketi wengi huzijua kwa mvinyo mtamu, lakini huu wake ni "sek", mkavu: hamira imekula sukari karibu yote, imebaki chini ya gramu 4 kwa lita. Manukato hamira haiyamalizi. Mengi hutoka kwenye ganda la zabibu, na humo kuna linaloli, kemikali ya harufu, ile ile iliyomo kwenye asumini na rehani. Ndiyo maana pua inaalikwa harusini, ulimi unapewa ndimu.

Chupa ilitoka barafuni, baridi kupita kiasi. Kwenye nyuzi 4 mvinyo wa namna hii unanuna, hautoi harufu. Ukipita 14, kileo ndicho kinachotangulia puani. Nikaikumbatia glasi kwa viganja ipande mpaka 9 au 10, kisomi kabisa, Shebe anarekodi. Nikazungusha, nikanusa. Asumini. Maji ya waridi. Ganda la balungi, na kananaa kwa mbali. Nikayataja moja moja, mzee akatikisa kichwa, akaona leo amempata mtu.

Ningeishia hapo. Lakini nikataka kuonyesha ufundi wa kuvuta hewa. Unachukua kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, unakiweka mbele ya ulimi, midomo kama ya mtu anayepiga mluzi, unavuta hewa kidogo, kwa mashavu tu, ipite juu ya mvinyo. Harufu inapanda puani kwa mlango wa nyuma. Koo limefungwa, kidevu chini. Narudia: kidevu chini.

Mzee akaniuliza kitu. Nikainua kidevu.

Sasa twende taratibu. Mvinyo ukaanza kuteleza kuelekea kooni, kimyakimya, kama mtu anayerudi nyumbani saa nane usiku viatu mkononi. Nikausikia unapita kwenye kimio. Nikajiambia, meza. Mapafu yakawa yameshatangulia, maana nilikuwa navuta kwa kifua. Nikapaliwa. Ndoo ya kutemea ilikuwa pale pale, hatua moja, inaniangalia. Mtu mwenye akili anainamia ndoo, anaachia mdomo wazi, anakohoa. Mimi nikafunga mdomo kwa adabu. Jamani, kikohozi hakina adabu. Ukikizibia mdomo, yanabaki matundu mawili.

Shati la mzee lilikuwa jeupe. Mvinyo nao mweupe, Mungu mkubwa.

Ule uchachu ninaowasifia wageni kila jioni, nauthibitisha: unachoma mpaka nyuma ya macho. Na katikati ya machozi na kamasi, naapa, asumini ilikuwa wazi kuliko wakati wowote.

Mzee akaweka glasi yake chini, akaja kunipiga mgongoni kwa kiganja: "Helal, helal!" Waturuki ndivyo wanavyomwambia mtu aliyepaliwa, ni pole yao. Shebe, ambaye Kituruki chake kinaishia kwenye jina la ndege aliyopanda, alisikia halali. Sijamaliza kufuta pua, habari imeshatua Dar.

Basi. Nikaomba radhi, mzee akabadili shati, nikanunua chupa 3 kwa aibu, moja ikavunjikia begini juu ya nguo za Shebe. Hilo sikulipanga, ila sijalijutia.

Leo asubuhi Mama akapiga. "Mwanangu, nasikia huko mzee mmoja kakuhalalishia pombe?"

Nikamweleza vizuri, neno kwa neno. Hakuna cha halali, Mama, nilipaliwa tu.

Akanyamaza kidogo.

"Ulipaliwa na nini?"