Kamera Ione Kote, Ila Isinione Mimi

Eti kupima kamera ya ulinzi kabla ya kuifunga ni kupoteza muda. "Fundi, kamera si unatoboa unatundika? Jirani yangu alifungiwa nane asubuhi moja tu." Kweli, mzee, na zote nane zinalinda bati. Kamuulize jirani huyo nani aliondoka na pampu yake ya maji. Atakuonesha video safi kabisa ya kofia. Kofia inaingia, kofia inatoka na pampu.

Kila mtu mji huu anataka kamera ikae juu kwenye kenchi. Mtu ananunua kiwanja Bwiru, hapa Mwanza, juu ya jiwe, anapasua jiwe mpaka pesa inakwisha, anajenga, halafu anataka kamera imuoneshe ziwa. Ziwa halijawahi kuibwa! Kamera ya kutambua sura inakaa mita 2.5 hadi 3 kutoka ardhini. Ikishuka hapo, kijana mwenye mkono mrefu anaigeukisha ukutani. Ikipanda sana, unakusanya picha za utosi.

Halafu hesabu, ambayo hakuna anayetaka kuisikia. Ili umtambue mtu usiyemjua, unahitaji kama pikseli 250 (vile vidoto vinavyojenga picha) kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana pale aliposimama. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Gawanya: eneo lisizidi mita saba na nusu hivi. Lenzi ya milimita 2.8, ile inayopendwa kwa sababu "inaona kote", inafikia upana huo mtu akiwa mita tatu tu. Ya milimita 4 inakupa mita nne na ushee. Na geti lako, mzee, liko mita kumi na mbili. Kwa hiyo ama kamera inasogea getini, ama tunaweka lenzi ya milimita 8 mpaka 12 na kukubali kwamba haitaona kitu kingine chochote. "Si una-zoom tu kwenye simu?" Unakuza nini, mzee, na hakikurekodiwa?

Basi unapima. Vifaa si vya kutisha: kamera moja ya lenzi inayorekebishwa, betri ya volti 12 (ya pikipiki inatosha), mrunda wa mita tatu, klampu mbili, waya, na kitesta chenye kioo cha kushika mkononi. Unafunga kamera kwenye mrunda, unausimamisha pale unapofikiria, unatazama kioo. Ukuta haujaguswa. Mwanza hii, ambako ukuta mwingine ni jiwe lenyewe na biti ya drili inakufa kabla tundu halijazidi kina cha kucha, bado mtu anauliza kupima ni kwa faida ya nani.

Ila jaribio linataka mwizi. Mtu atembee kutoka getini mpaka mlangoni: wima, ameinama, na kofia, bila kofia, mchana kisha arudie usiku. Kwa mzee huyu wa Bwiru, wizi akapewa mlinzi.

Mlinzi akavua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Akatoka nje ya geti, likafungwa, tukakodolea kioo. Kimya. Nusu dakika haijaisha, sauti ikatoka nyuma yetu, mlango wa jikoni: "Nimeshaingia, mzee."

"Umepita wapi?"

"Pale nyuma ya tangi, mzee, kwenye lile jiwe kuna pa kukanyaga."

"Umepajuaje?"

Mlinzi akaangalia viatu vyake. "Mwizi lazima afikirie, mzee."

Sehemu isiyoonekana ikawa imepatikana, ambayo ndiyo faida yote ya jaribio. Kamera ya pili ikapangiwa kona ya tangi, ikitazama njia ile ya kwenye jiwe. Na hapo ndipo nyumba nzima ikageuka kuwa mafundi. Mama mwenye nyumba akasema upande wa jikoni isiwekwe, moshi utaiharibu. Dada wa kazi akasema bombani isiwekwe, itarukiwa na maji. Ina kinga ya IP67, dada yangu, hata ikimwagiwa ndoo. "Hata ya sabuni?" Mlinzi akaomba kibanda chake kiachwe kabisa: "Mzee, mimi mwenyewe ni kamera." Kijana wa kidato cha nne akatoka na hoja kwamba ya upande wa dirisha lake itaangalia jua. Na cha kuudhi ni kwamba alikuwa sahihi! Upande ule unatazama magharibi, ziwani; saa kumi na moja jioni jua linapiga lenzi na maji yanalirudisha mara ya pili, mtu anabaki kivuli cheusi hata uwashe WDR, ile ya kusawazisha mwanga mkali na giza. Ikabidi igeuzwe ielekee kusini. Kijana akaenda zake anapiga mluzi.

Mwisho mzee akanivuta pembeni, karibu na gari.

"Fundi, hii ya getini inaandika na saa?"

"Inaandika, mzee. Tarehe, saa, dakika, sekunde."

"Mtu akiingia usiku sana?"

"Inaandika vilevile. Na mama naye tumemuwekea kwenye simu."

Akafikiri. "Hebu igeuze kidogo ielekee ziwani."

Ya usiku sasa. Usiku ndio mtihani, kwa sababu taa za infraredi, zile za mwanga usioonekana kwa macho, zinawaka na kamera inakula umeme mwingi kuliko mchana. Ukiwa umevuta waya mwembamba mita arobaini, volti 12 zinafika 10 na kitu, kamera inazima, inawaka, inazima. Asubuhi imepona, haijui lolote. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na huo unapoteza zaidi. Aliyepima saa sita mchana ameshalipwa, na usiku simu yake haipatikani. Kamera iliyobanwa chini ya ukingo wa paa nayo inajimulika yenyewe, ukingo unang'aa na ua unazama gizani. Ishushe au isogeze mbele. Na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi mnawajua: kila mmoja ni tahadhari kwenye simu. Waache waje wakati wa jaribio, ndipo upunguze usikivu wa mwendo, au uweke kamera inayochagua watu tu, na taa ya nje uiweke mbali nayo. Buibui hana dawa. Fagio.

Bafu la jirani tusilizungumze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na kamera karibu zote zina kifuniko cheusi cha kuchora juu ya picha. Kichore mbele ya jirani mwenyewe, aone.

Haya yote yangekwisha siku moja kama ngazi ingekuwepo. Ngazi ya mtaa ni moja. Nimeifuata, naambiwa mwenyewe yuko Sengerema, na ngazi iko naye. Zamani angefikiria foleni ya kivuko akaiacha. Tangu 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, mtu anaifunga ngazi juu ya gari anavuka nayo kama mkwe. Na ukimpigia anakwambia "narudi leo leo", huku nyuma unasikia mtu anapigilia bati.