Ndugu wa Tumbo Moja, Jukwaa Moja: Damu Hujenga Bendi au Huibomoa?

Usiku wa tarehe 28 Agosti 2009, umati ulikuwa umesimama kwenye tamasha la Rock en Seine, karibu na Paris, ukiisubiri bendi ya roki ya Oasis ipande jukwaani. Haikupanda. Huko nyuma ya jukwaa ndugu wawili wa bendi hiyo, Noel na Liam Gallagher, walikuwa wamekorofishana, gitaa limevunjwa, na kabla hakujapambazuka Noel alikuwa ameshatoa tamko kwamba hawezi tena kufanya kazi na mdogo wake. Bendi iliyozaliwa Manchester mwaka 1991 ikafia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ilipita miaka 15 ndipo wakatangaza, Agosti 2024, kwamba wanarudi. Tarehe 4 Julai 2025 wakaingia jukwaani Cardiff wameshikana mikono.

Kila kisa hiki kinaposimuliwa, wasikilizaji wa roki hugawanyika. Wapo wanaosema kuunda bendi na ndugu yako ni kujitafutia balaa, kwa sababu unachanganya kazi, pesa na machungu ya utotoni kwenye sufuria moja. Wengine wanajibu kwamba bila undugu huo Oasis isingekuwa Oasis. Mimi nadhani pande zote mbili zinailaumu au kuisifu damu kupita kiasi.

Lakini tuanze na kile ambacho damu hutoa bure. Wasikilize Don na Phil Everly, ndugu wawili waimbaji wa Marekani, hasa wimbo wowote wa miaka ya mwisho ya 1950. Don mara nyingi anashika sauti kuu, Phil anapanda juu yake kidogo, na ukiziba macho unashindwa kujua mmoja anaishia wapi na mwenzake anaanzia wapi. Wanafunga irabu pamoja. Wanavuta pumzi pamoja. Wanamuziki wa Marekani wana jina la jambo hili, huziita sauti za damu, na halina uchawi wowote: koo na taya zilizorithiwa kwa wazazi walewale, lafudhi iliyojifunzwa kwenye nyumba ileile, na miaka mingi ya kuimba kwenye maikrofoni moja. Akina Everly walikuwa wakiimba kwenye kipindi cha redio cha wazazi wao huko Iowa tangu wakiwa watoto. Watu wawili wasiojuana wanaweza kufanya mazoezi miaka kumi na wasiifikie hali hiyo. Brian, Dennis na Carl Wilson wa Beach Boys, pamoja na binamu yao Mike Love, walijenga jengo zima juu ya msingi huo.

Zawadi ya pili ni muda. Marafiki hukutana kwenye mazoezi, ndugu wanaishi humo humo. Eddie Van Halen, wa bendi iliyobeba jina la ukoo wao, alianza kama mpiga dramu, na kakaake Alex ndiye aliyekuwa na gitaa. Eddie alikuwa akisambaza magazeti ili alipie dramu zake, na kila alipotoka na magazeti yake Alex alikaa kwenye dramu hizo na kuzipiga. Siku moja Eddie aligundua kwamba kakaake ameshamzidi. Akanuna, akalichukua gitaa la Alex, na dunia ya roki ikapata mmoja wa wapiga gitaa wake wakubwa kabisa. Hebu fikiria ajali hiyo ikitokea kwa watu wanaokutana Jumamosi kwa Jumamosi tu.

Haya ndiyo mazuri. Tatizo ni kwamba nyumba hiyohiyo iliyokupa sauti ilikupa pia cheo. Kiswahili chenyewe hakikuachi usahau: kuna kaka, kuna mdogo, na anayezaliwa mdogo hubaki mdogo hata akiwa na mvi. Bendi haifuati utaratibu huo. Bendi inamtaka anayeandika nyimbo nzuri na anayeweza kuziimba, na mara nyingi huyo si mkubwa.

Kisa kinachoniuma zaidi hapa ni cha ndugu wawili wa bendi ya Creedence Clearwater Revival. Tom Fogerty alikuwa mkubwa kwa John kwa zaidi ya miaka mitatu, na mwanzoni ndiye aliyekuwa mwimbaji mkuu. Kundi lao la ujana huko California lilibeba hata jina lake. Kisha John akakua. Sauti yake ikawa kali zaidi, nyimbo zake zikawa bora zaidi, na kila mtu chumbani aliliona hilo, Tom akiwemo. Tom akasogea pembeni kupiga gitaa la kusindikiza. Bendi ikatoa albamu sita kati ya 1968 na 1970, kasi ambayo leo huwezi kuidhania, karibu zote zikiwa kazi ya mkono wa mdogo mtu. Mapema 1971 Tom akaondoka. Albamu ya saba, iliyotoka 1972, ndiyo ambayo John aliwaachia wenzake wawili waliobaki waandike na kuimba nao. Nafasi ikawa imepatikana, na aliyeihitaji kuliko wote hayupo. Tom alifariki 1990, na kati yao mambo hayakuwa yametengemaa.

Kwa Oasis mambo yalienda kinyume, na kidonda kikawa kilekile. Liam ndiye aliyekuwamo kwanza. Noel, aliyemzidi kwa miaka mitano, alikuja baadaye na daftari lake la nyimbo na kushika usukani. Mdogo akabaki uso na sauti ya bendi, mkubwa akawa kichwa na mfuko wake. Kila mmoja alikuwa na sababu halali ya kuamini kwamba bila yeye mwenzake si kitu, na wote wawili walikuwa sahihi. Hapo hakuna pa kusuluhisha.

Wazazi nao huongeza chumvi. Bendi ya ndugu mara nyingi huanza na baba anayejiona meneja. Murry Wilson aliiendesha Beach Boys mpaka wanawe wakamwondoa 1964, na hata baada ya hapo, mwaka 1969, aliuza haki za nyimbo za Brian kwa dola 700,000, nyimbo ambazo baadaye zilithibitika kuwa na thamani kubwa mno kuliko hiyo. Na huko New Hampshire kulikuwa na The Shaggs, mabinti wa Austin Wiggin. Baba huyo aliamini utabiri wa mama yake kwamba wasichana hao wangekuwa wanamuziki maarufu, basi akawatoa shule, akawanunulia vyombo na kuwapeleka studio kurekodi albamu yao ya 1969. Alipofariki 1975 waliacha kupiga. Wapo wanaoipenda sana albamu ile kwa ugeni wake. Mimi kila nikiisikiliza nasikia watoto wanaotimiza amri.

Wahenga walituachia shauri: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Shauri zuri, ila mpiga dramu hana pa kwenda kulima. Yupo nyuma yao usiku kucha. Mick Avory wa The Kinks alikaa katikati ya Ray na Dave Davies kwa miaka 20, na mwaka 1965, mbele ya watazamaji wa Cardiff, alichoshwa na Dave kiasi cha kumpiga kichwani kwa stendi ya chuma ya kushikia matoazi. Dave alianguka amezimia, akashonwa nyuzi 16. Avory alikimbia akidhani ameua. Naomba jambo moja lisipite hivihivi: katika bendi inayotajwa kila mara kama mfano wa ndugu wasiopatana, pigo zito kuliko yote lilitoka kwa mtu asiye ndugu.

Wasio wa damu wana lalamiko jingine, la haki zaidi kwa maoni yangu. Mambo yakifika kwenye kura, ndugu ni kura mbili kabla kikao hakijaanza. Michael Anthony alipiga besi Van Halen tangu miaka ya 1970, lakini bendi iliporudi barabarani 2007 nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na Wolfgang, mtoto wa Eddie, akiwa na miaka 16. Hata hivyo si kila mahali damu hushinda. Max Cavalera alipoondoka Sepultura mwishoni mwa 1996 kwa mvutano juu ya meneja, ambaye alikuwa mke wake, ndugu yake Igor alibaki na bendi. Walikaa karibu miaka kumi bila kusemezana, kisha wakaunda bendi nyingine wawili hao.

Kwa akina dada mzigo una sura nyingine, na wachambuzi wengi huupita. Ann na Nancy Wilson wa Heart, katika miaka ya 1970, hawakusumbuliwa sana na nani mkubwa. Waliosumbua walikuwa watu wa nje. Kampuni yao ya kwanza ya rekodi ilitoa tangazo lililodokeza kwamba dada hao ni wapenzi, na mtu mmoja akamfuata Ann baada ya onyesho kuulizia habari za huyo mpenzi wake, akimaanisha Nancy. Ann alirudi hotelini na hasira zake akaandika maneno ya wimbo wa “Barracuda”, uliotoka 1977 na ambao mpaka leo ndio watu huutambua kwa sekunde mbili za gitaa. Undugu wa wanaume huuzwa kama ugomvi, wa wanawake ukauzwa kama uchafu. Kim na Kelley Deal, mapacha wa The Breeders, wana kisa cha kuchekesha zaidi: Kelley aliitwa kwenye bendi akiwa hajui gitaa vizuri, akajifunza humo humo kazini. Rafiki gani angekupa nafasi hiyo?

Sasa swali ambalo upande wa balaa huwa hauliulizi: je, tunazihesabu bendi zote, au zile tu zinazopiga kelele? Colin na Jonny Greenwood wapo pamoja Radiohead tangu bendi ilipokuwa ya vijana wa shule katika miaka ya 1980, na sijawahi kuona kichwa cha habari juu ya ugomvi wao. The National ina ndugu jozi mbili, akina Dessner ambao ni mapacha na akina Devendorf, na mwimbaji mmoja aliyewekwa katikati yao. Joe na Mario Duplantier wa Gojira walipiga kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Paris 2024, wakashuka, wakaendelea na maisha. Utulivu hauuzi magazeti. Ugomvi unauza, tena kwa maana halisi: mwaka 1995 rekodi ya Noel na Liam wakirushiana maneno mbele ya mwandishi wa habari ilitolewa kama singo na kuingia kwenye chati za Uingereza. Watu walilipa kusikiliza ndugu wakitukanana, hakuna hata noti moja ya muziki ndani yake. Na bendi za marafiki huvunjika kila siku. Tofauti ni kwamba marafiki wakiachana hatuulizi mama yao anajisikiaje.

Mvuto wa undugu ni mkubwa hata wapo waliouigiza. Ramones wa New York walijipa jina moja la ukoo bila kuwa na uhusiano wowote. Jack na Meg White wa The White Stripes walijitambulisha kama kaka na dada, kumbe walifunga ndoa 1996 na kuachana 2000. Jack alieleza baadaye kwamba ukiambiwa ni mume na mke unaanza kuchungulia ndoa yao, lakini kaka na dada unawaacha wapige muziki. Sijui kama angethubutu kusema hivyo mbele ya akina Gallagher.

Nikirudi kwenye hoja yangu, ninachokiona kinatenganisha wanaodumu na wanaosambaratika ni kama swali la nani anaongoza na jina la nani linaandikwa kwenye wimbo lilijibiwa mapema. Akina Van Halen kwenye albamu zao za mwanzo waliandika majina ya wanabendi wote wanne kama watunzi, na Eddie na Alex hawakuachana mpaka Eddie alipofariki Oktoba 2020. Najua mfano unaonipinga: Chris na Rich Robinson wa The Black Crowes waliandika nyimbo pamoja kwa majina yote mawili, na bado Januari 2015 Rich alitangaza bendi imekwisha akisema kakaake anamtaka aachie sehemu yake ya umiliki. Basi majina kwenye nyimbo hayatoshi. Walirudiana 2019, na sitashangaa wakigombana tena.

Hata hivyo naiangalia bendi ya AC/DC. Malcolm Young aliianzisha Sydney 1973 akamwingiza Angus, mdogo wake, na mgawanyo ukawa wazi siku zote. Angus anakimbia jukwaani na kaptura ya shule, macho yote kwake. Malcolm amesimama nyuma karibu na spika, anapiga gitaa la mdundo, naye ndiye mwenye neno la mwisho. Kaka yao mwingine, George, ndiye aliyewasimamia studio kwenye albamu za mwanzo, kwa hiyo hata juu ya Malcolm kulikuwa na mkubwa. Mwaka 2014 shida ya kumbukumbu ilimlazimu Malcolm kustaafu, na gitaa lake likachukuliwa na Stevie, mtoto wa kaka yao, ambaye aliwahi kumshikia nafasi hiyo 1988. Malcolm alifariki Novemba 2017. Miaka mitatu baadaye ikatoka albamu ya Power Up, iliyojengwa juu ya vipande vya gitaa ambavyo ndugu hao wawili walikuwa wamevirundika kwa miaka. Ina nyimbo 12, na kila mmoja umeandikwa watunzi ni Angus Young na Malcolm Young.