Kuua seli si kazi

Shangazi yangu alipopapasa kivimbe kwenye titi hakuanzia hospitali. Alianzia kwa mtu aliyemuuzia kopo la unga wa majani, na ndani ya kopo mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilipokwenda kumsalimia, baada ya shikamoo na marahaba, aliikunjua akanionyesha mstari mmoja kwa kidole: "Imethibitishwa maabara kuua seli za saratani."

"Si umesomea mambo haya, mwanangu? Soma basi. Wameandika inaua."

Nilisoma. Na yawezekana kabisa mstari ule ni wa kweli, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Seli zikiwa kwenye kisahani cha maabara huuawa na vitu chungu nzima: ndimu, chumvi iliyozidi, maji ya betri. Kuua seli si kazi. Kazi ni kuiua hii na kuiacha ile iliyolala ubavuni mwake, na kuhusu hilo karatasi ya Shangazi haikusema neno.

Mwili wenyewe unaijua kazi hiyo. Kila siku seli zetu hufa kwa mabilioni, kwa amri, bila jipu wala homa. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikiita kifo hicho apoptosi, jina lililotokana na neno la Kigiriki la kupukutika kwa majani. Mimi huukumbuka mti wa mkungu wa nyumbani: majani mekundu yametapakaa ua mzima, na mti uko palepale, hauna ugonjwa.

Nikiwa mwanafunzi niliwahi kukiona kifo hicho kwa darubini. Seli iliyokuwa imejibandika chini kama chapati ilijikusanya ikawa duara, kisha utando wake ukaanza kufura mapovu kama uji unaotokota. Lakini haikupasuka. Ilijigawa vifurushi vidogo vidogo, kila kimoja kimefungwa vizuri, tayari kumezwa na seli zinazofanya usafi. Hakuna kilichomwagika kuwadhuru majirani.

Amri hiyo mara nyingine hutoka nje ya seli, na hupokelewa na protini zilizosimama kwenye utando wake. Wataalamu huziita vipokezi vya kifo. Kinachojulikana sana ni Fas, ambacho jeni lake lilipatikana Japani mwaka 1991 na Shigekazu Nagata pamoja na wenzake. Seli ya kinga inayotaka kuiondoa nyingine huja imebeba protini inayoshikamana na Fas. Vipokezi vikikusanywa pamoja kwa mshiko huo, mikia yao iliyo ndani ya seli huita protini iitwayo FADD, nayo FADD huita kimeng'enya kilicholala, kaspesi-8. Kaspesi-8 nyingi zikisogeleana hukatana zenyewe kwa zenyewe zikaamka, kisha huamsha kaspesi-3, na hiyo ndiyo inayokwenda kukatakata protini za seli kwa mamia. Basi. Kutoka kugongewa mlango hadi vifurushi ni suala la saa chache tu.

Sasa iangalie amri hii inapoharibika. Mwaka 1992 kundi hilohilo la Nagata lilionyesha kwamba aina fulani ya panya wa maabara, waliokuwa wakivimba mitoki na kushambuliwa na kinga yao wenyewe, walikuwa na jeni bovu la Fas. Mwaka 1995 kasoro hiyo ikapatikana kwa watoto: bandama kubwa, mitoki shingoni, na chembe nyeupe za damu zilizomaliza kazi yake zikakataa kuondoka. Watoto hao hawakuugua kwa sababu seli zilikufa. Waliugua kwa sababu hazikufa.

Virusi navyo vimeijua njia hii. Kaposi, saratani ambayo familia nyingi za Afrika Mashariki zimeiona kwa macho, inatokana na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1994. Kirusi hicho kina protini inayofanana na kipande cha kaspesi-8, na protini za jamii hiyo zinaweza kujipachika pale kaspesi ilipopaswa kukaa, amri ikaishia njiani.

Kwa hiyo mtu atauliza: kwa nini tusiwashe Fas tukaangamiza saratani? Lilijaribiwa kwa panya, mwaka 1993. Walidungwa kingamwili, yaani protini ya kinga, inayowasha Fas, na ndani ya saa chache wakafa. Ini lao lilikuwa limeharibika vibaya, kwa sababu seli za ini nazo zina Fas na ziliitii amri kama ilivyo. Kila ninaposikia redioni tangazo la dawa "inayoamsha seli za saratani zijiue" huwakumbuka panya wale. Dawa ilifanya kazi barabara, ndiyo maana waliouguzwa nayo hawakuiona jioni.

Sidharau miti. Vinkristini, dawa ya saratani inayotumika hospitalini duniani kote, imetokana na ua la Madagaska. Lakini hupimwa kwa miligramu, huingizwa kwenye mshipa, na damu ya mgonjwa huchunguzwa kila mara kuona nini kingine kimeguswa. Wauzaji wa makopo waulizwe hayohayo, na watangazaji wanaowapa kipaza sauti wawe wa kwanza kuuliza: ini je? Figo je? Uboho je? Ni kiasi gani, na nani amepima?

Shangazi alipoteza miezi mitatu na lile kopo. Tulipofika hospitali hatimaye, alimsikiliza daktari mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimemfundisha.

"Na hii yenu, daktari, inajuaje ipi ya kuua?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Haijui vizuri, mama. Inazipiga zaidi zile zinazogawanyika haraka. Ndiyo maana nywele zitatoka na mdomo unaweza kufanya vidonda, na ndiyo maana nitakupima damu kabla ya kila dozi. Chembe za damu zikishuka, tunasubiri."

Shangazi akavua kilemba, akashika nywele zake kidogo, akauliza dozi ya kwanza ni lini.