Kateni umeme, lakini semeni saa ngapi

Joto peke yake mtu hulizoea. Unatafuta kivuli, unakunywa maji, kazi nzito unaisogeza alfajiri au jioni. Kinachotumaliza msimu wa joto kali ni kutojua. Umeme utarudi baada ya dakika kumi au kesho? Bomba litatoa maji usiku huu au wiki ijayo? Nimeishi na mgao wa ratiba na nimeishi na ule wa kushtukiza, na ningeulizwa nichague, ningechukua saa sita nilizotangaziwa kuliko saa mbili za ghafla.

Ukijua umeme utakatika saa nane mchana hadi saa mbili usiku, unapika mapema, unachaji simu na taa, unajaza ndoo, unagandisha chupa za maji na kuzipanga ndani ya friji. Mwenye mgonjwa anayetegemea mashine anamhamishia kwa ndugu kabla jua halijawa kali. Usipojua, unafanya yote hayo kila siku bila kupumzika, au unachoka na kuacha. Tena katika nyumba nyingi mzigo huo una mwenyewe: mama, au binti mkubwa, anayelala sikio moja liko bombani ili maji yakianza kutoka usiku wa manane aamke kukinga. Anaamka hivyo msimu mzima, na asubuhi anatakiwa kazini au shuleni kama wengine.

Sidai kwamba mitambo isichoke. Waya ukipata joto hurefuka na kulegea, na umeme unaopotea njiani huongezeka. Transfoma iliyozoea kupoa usiku haipati nafasi hiyo, kwa sababu usiku nao una joto na feni na viyoyozi havizimwi. Tarehe 14 Agosti 2003, nyaya zilizolegea ziligusa miti huko Ohio, Marekani. Hitilafu ikafuatana na hitilafu hadi watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakakosa umeme. India, mwishoni mwa Julai 2012, mvua zilikuwa chache na wakulima wakategemea pampu kumwagilia mashamba. Gridi ikaanguka siku mbili mfululizo, na siku ya pili ikagusa maeneo yenye watu zaidi ya milioni 600. Hakuna mhandisi anayeweza kuahidi kwamba umeme hautakatika kamwe. Lakini wimbi la joto hutabiriwa siku kadhaa kabla, na anayejua ni transfoma ipi imeelemewa anaweza pia kusema ni mtaa upi utapumzishwa, na kwa saa ngapi.

Tazama friji. Isipofunguliwa, hutunza ubaridi kwa muda wa saa nne hivi. Friza iliyojaa huweza kufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo familia iliyoambiwa kuwa umeme utarudi baada ya saa tatu inaufunga mlango na kuendelea na shughuli zake. Familia iliyoambiwa kesho inapika nyama yote leo na kugawana na majirani. Isiyoambiwa lolote inafungua kila mara kukagua, ubaridi unatoka, na mwisho inatupa chakula. Dawa ni hivyohivyo. Aina nyingi za insulini zilizokwisha kuanza kutumika huvumilia kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Ndani ya chumba kisicho na feni wakati wa kiangazi, nyuzi 30 hupitwa kabla ya saa sita mchana.

Maji nayo yamefungamana na umeme kuliko wengi wanavyodhani. Pampu zikisimama, wa ghorofa za juu na wa mlimani ndio wanaokauka kwanza. Presha ikishuka ndani ya bomba lenye nyufa, maji machafu ya ardhini hufyonzwa humo, ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgao mrefu mimi siyanywi. Yanafaa kudekia na kumwaga chooni. Ya kunywa nayachemsha. Yakishatokota vizuri, dakika moja inatosha, au dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000. Na kila chombo cha akiba kiwe na kifuniko. Mbu wa dengi hutaga kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hubaki yameng'ang'ania hapo hata ukimwaga maji, kwa hiyo pipa lisuguliwe kwa brashi kila wiki.

Kuhusu mwili, nina jambo moja tu la kusisitiza, nalo ni wazee wanaoishi peke yao. Chicago, Julai 1995, joto liliua zaidi ya watu 700 ndani ya siku chache. Umeme ulikatika kwa maelfu ya nyumba, watu wakafungua mabomba ya zimamoto ili wajipoze, na presha ya maji ikashuka mitaa kadhaa. Wengi waliokufa walikuwa wazee wasio na mtu wa kuwagongea mlango. Feni haiwatoshi wakati wote: Shirika la Afya Duniani linashauri itumike tu joto likiwa chini ya nyuzi 40, kwa sababu zaidi ya hapo hupuliza moto mwilini. Kitambaa chenye maji shingoni na mikononi, madirisha kufungwa na kutiwa kivuli mchana na kufunguliwa usiku, na jirani anayepita kuuliza hali, hivyo husaidia hata pasipo umeme.

Wako wanaosema kutangaza ratiba kutawaudhi watu. Ninaamini kinyume chake. Mwaka 2018, jiji la Cape Town lilipokaribia kuishiwa maji, wakazi walipewa namba wazi: lita 50 kwa mtu kwa siku. Kiwango cha mabwawa kilitangazwa kwa umma, pamoja na tarehe ambayo mabomba yangefungwa. Watu walihesabu, wakapunguza matumizi, tarehe ikasogezwa mbele, kisha mvua zikaja na siku hiyo haikufika. Ulikuwa mwaka mgumu, lakini watu waliaminiwa, na taarifa walizopewa wakazifanyia kazi.

Ninachotaka kwa wanaotuletea umeme na maji hakihitaji mtambo mpya. Jioni kabla ya mgao, ujumbe mfupi wenye mambo matatu: mtaa, saa ya kukatika, saa ya kurudi. Ratiba ikibadilika, ujumbe mwingine utumwe kabla ya saa ile ya kwanza kupita. Hitilafu ya ghafla ikitokea, semeni mmeiona na mafundi wako njiani, hata kama saa ya kurudi haijajulikana. Na ratiba hiyohiyo ibandikwe ukutani kwenye zahanati, shule na nyumba za ibada, kwa ajili ya wale ambao simu zao zimeshazima chaji.