Kabla ya Kuuliza Tununue Meli Gani

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilifunga mizinga ya kutungulia ndege kwenye meli za mizigo zilizokuwa zikipita Bahari ya Mediterania. Mizinga ilikuwa haba, wapigaji wake walihitaji mafunzo, na kila kikosi kilikuwa kinaitaka. Baadaye ukafanyika ukaguzi, na majibu yakavunja moyo: kati ya ndege 100 zilizoshambulia meli hizo, ziliangushwa kama 4 tu. Wapo walioona ni heri ing'olewe, ikafanye kazi mahali pengine.

Kabla ya kung'olewa likaulizwa swali lililotangulia hilo: mizinga iliwekwa ili kuangusha ndege, au ili meli ifike bandarini? Hesabu ikapigwa upya. Kati ya meli zilizoshambuliwa zikajibu kwa risasi, zilizama asilimia 10. Zisizo na mizinga zilizama asilimia 25. Rubani anayerushiwa risasi hupanda juu, hulenga kwa haraka, na bomu lake huangukia maji. Mizinga ikabaki.

Taarifa zile zile na silaha zile zile zilitoa majibu mawili yanayopingana, kwa sababu tu kipimo kilibadilika. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha uchambuzi wa maamuzi, yaani fani ya kupima njia mbalimbali kabla ya kuchagua. Majedwali, alama na programu za kompyuta hufuata baadaye. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu mazungumzo ya ulinzi wa bahari huku kwetu Tanzania mara nyingi huanzia mwisho: meli ina urefu gani, inakimbia kiasi gani, nani anauza. Tukishafika hapo, uamuzi umeshafanyika bila mtu kuufanya.

Waliojenga fani hii walianza na swali. Patrick Blackett alikuwa mwanafizikia, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1948, lakini alianza maisha kama ofisa wa majini na alikuwa kwenye mapigano makubwa ya majini ya Jutland mwaka 1916. Mwaka 1942 alihamia makao makuu ya jeshi la wanamaji la Uingereza, wakati nyambizi za Ujerumani zikizamisha meli za mizigo Atlantiki kwa kasi ya kutisha. Meli zilisafiri kwa misafara ikisindikizwa na manowari, na imani ya wakubwa ilikuwa kwamba msafara mdogo ni salama zaidi. Meli 40 zilionekana ndiyo kiasi kizuri. Kuvuka 60 kulikatazwa.

Timu ya Blackett ilipochambua kumbukumbu za misafara iliyokwishapita, ikakuta mambo ni kinyume. Misafara midogo, yenye wastani wa meli 32, ilipoteza asilimia 2.5 ya meli zake. Mikubwa, yenye wastani wa meli 54, ilipoteza asilimia 1.1. Sababu haikuwa ngumu mara ilipoonekana. Msafara mkubwa hauonekani na nyambizi kwa urahisi zaidi sana kuliko mdogo. Ikishapenya, idadi ya meli inazoweza kuzipiga ni ile ile, maana torpedo zake, yaani makombora yapitayo majini, zina kikomo. Na wasindikizaji hawalindi eneo lote la msafara, wanalinda mzingo wake, yaani ukingo unaouzunguka. Walikadiria kwamba mzingo wa msafara wa meli 80 unauzidi ule wa meli 40 kwa sehemu moja ya saba tu. Yaani manowari zile zile zingeweza kulinda karibu mara mbili ya meli.

Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi Blackett. Kabla ya kupeleka ushauri huo, alijiuliza kama angewapandisha watoto wake mwenyewe kwenye msafara mkubwa kuvuka Atlantiki wakati nyambizi zimechachamaa. Akaona angewapandisha. Ndipo akaupeleka. Mwaka 1943 misafara ikaanza kukuzwa, na kufikia katikati ya 1944 msafara mmoja wa meli zaidi ya 160 ulivuka bila kupoteza hata moja kwa adui.

Kazi hiyo iligusa pia upangaji wa meli zenyewe. Viwanda vya meli vilikuwa na chuma na mafundi wa kiasi fulani tu: je, wajenge meli za mizigo zaidi au manowari za kusindikiza zaidi? Kila upande ulikuwa na watetezi wake wenye sauti. Wachambuzi walikadiria kwamba msindikizaji mmoja Atlantiki ya Kaskazini huokoa kati ya meli mbili na tatu za mizigo kwa mwaka. Mabishano yakapata kipimo cha pamoja: mizigo inayofika.

Walioshika mkia wa hesabu badala ya kichwa wapo pia. Novemba 2001 jeshi la wanamaji la Marekani lilitangaza mpango wa meli nyepesi, ziendazo kasi, za kupigana karibu na pwani. Uchambuzi rasmi wa kulinganisha njia mbalimbali za kufanya kazi hiyo haukuwa umefanywa kabla ya tangazo. Mpango ulitaja meli 55. Vifaa vya kubadilishwa-badilishwa kulingana na kazi vilichelewa, vya kuwinda nyambizi vikafutwa kabisa, na aina mojawapo ya meli ikasumbuliwa na gia. USS Sioux City iliingia kazini Novemba 2018 ikaondolewa Agosti 2023, haijatimiza hata miaka mitano. Taifa tajiri linaweza kumeza hasara ya namna hiyo. Sisi hatuwezi.

Tuje kwenye maji yetu. Eneo la bahari la kiuchumi la Tanzania ni takriban kilomita za mraba 223,000. Chukua meli moja nzuri ya doria inayokwenda maili 15 za baharini kwa saa, yenye rada inayoona meli kubwa ya uvuvi umbali wa maili 12 kila upande. Kwa saa 24 inafagia maili za mraba 8,640, sawa na kilomita za mraba kama 29,600. Kwa hiyo inahitaji siku saba na nusu kulizunguka eneo lote mara moja, bila kusimama, bila kupanda chombo chochote, na bila mhalifu kuhama. Jahazi la mbao rada huliona kwa shida. Tukisema linaonekana maili tatu tu, mzunguko mmoja unafika siku 30. Kisha kumbuka jambo ambalo wanamaji wote wanalijua: ili uwe na meli moja baharini wakati wote, unahitaji tatu hivi. Moja iko kazini, nyingine iko kwenye chelezo ikitengenezwa, ya tatu inajiandaa au inafunza mabaharia.

Hesabu hii haihitaji siri yoyote ya kijeshi, kalamu na karatasi vinatosha, lakini inabadilisha mazungumzo yote. Ndege ndogo ya doria ya maili 150 kwa saa, kwa rada ya uwezo huo huo, hufagia eneo la siku nzima ya meli kwa chini ya saa mbili na nusu. Haiwezi kumkamata mtu, lakini inaiambia meli iende wapi. Tunachokosa kinaweza kuwa habari kabla ya kuwa chuma, na wachambuzi wana njia ya kukadiria taarifa ina thamani gani kabla hujailipia: jiulize ungebadili uamuzi gani ukiijua, na mabadiliko hayo yangekuokolea nini. Kama hakuna ambacho kingebadilika, usiinunue.

Na kumiliki siyo njia pekee. Mwaka 2018, katika Operesheni Jodari, maofisa wa Tanzania walifanya doria wakiwa kwenye meli ya Sea Shepherd, shirika la kimataifa la kutetea viumbe wa baharini, na meli ya uvuvi ya kigeni ikanaswa na mapezi ya papa. Mtu anaweza kuona aibu nchi kupanda meli ya wenzake. Mimi naona ni mbadala uliostahili kuwepo kwenye orodha, pamoja na kukodi, kushirikiana na Kenya na Msumbiji, au kutumia fedha hizo nchi kavu. Uvuvi wa baruti unatufundisha hapa. Baruti hutoka migodini na kwenye machimbo ya mawe, na samaki wake huuzwa sokoni mchana kweupe. Ulipungua sana baada ya polisi, uvuvi, madini na wengine kuanza kufuatilia mnyororo huo kwa pamoja kuanzia miaka ya 2015 na 2016. Ungepima mafanikio kwa saa za doria, usingekiona hicho. Ungepima kwa milipuko inayosikika mwambaoni, ungekiona.

Jambo moja la kiufundi linanikera, nalo ni yale majedwali ya zabuni: bei alama 40, kasi 20, silaha 20, matengenezo 20, kisha watu wanajumlisha na kujiona wamefanya sayansi. Uzito wa kigezo hauwezi kupangwa kabla ya kujua wagombea wanatofautiana kiasi gani kwenye kigezo hicho. Ukitafuta chumba cha kupanga, umbali hadi kazini ni muhimu sana. Lakini kama vyumba vyote viko mtaa mmoja, umbali hauamui kitu. Vivyo hivyo, kama meli zote zilizoletwa zinatofautiana kasi kwa maili moja, alama 20 za kasi ni bure. Kama moja inatengenezwa Mtongwe kule Mombasa au Dar es Salaam na nyingine lazima ivutwe hadi Ulaya kila inapoharibika injini, alama 20 za matengenezo ni chache mno. Swali sahihi kwa jopo ni hili: ungelipa nini kutoka kwenye hali mbaya zaidi kwenda nzuri zaidi miongoni mwa hizi zilizopo mezani?

Watasema ulinzi una usiri wake. Ni kweli, na namba za siri zibaki siri. Lakini lengo, njia zilizolinganishwa, gharama ya mafuta, vipuri na mabaharia kwa miaka 25, na ni dhana ipi ikibadilika itageuza uamuzi, vinaweza kuwekwa mbele ya kamati ya Bunge ya ulinzi, hata ikibidi milango ifungwe, kabla fungu halijapitishwa. Mwaka mmoja baada ya meli kufika, kamati hiyo hiyo iulize imekuwa baharini siku ngapi na imekaa kwenye chelezo siku ngapi, na kati ya yale tuliyotaka yapungue, lipi limepungua.