Nyasi za Bordeaux zilikuwa na fahali wao

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Sina ugomvi na methali hiyo, ila kila nikisoma jinsi wafalme wa Uingereza na Ufaransa walivyogombea utemi wa Aquitaine naona inawapunja watu wa Bordeaux, mji wa utemi huo. Waliumia kweli, lakini walikuwa na fahali wao na hawakumficha.

Mkasa ulianzia kwenye ndoa. Eleanor alirithi utemi huo, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1137, akaolewa na Louis wa Saba wa Ufaransa. Machi 1152 ndoa ikabatilishwa. Haikupita hata miezi miwili, akaolewa na Henry wa Anjou, ambaye mwaka 1154 akawa mfalme wa Uingereza. Louis alipoteza mke na utemi kwa mpigo.

Kuanzia hapo ikawa kizungumkuti: kwao London mtu ni mfalme, lakini kwa Aquitaine ni mtemi aliye chini ya mfalme wa Ufaransa. Mkataba wa Paris wa 1259 ulimtaka Henry wa Tatu wa Uingereza ale kiapo cha utii kwa Louis wa Tisa wa Ufaransa, naye akala. Mfalme gani angelivumilia hilo milele? Mwaka 1337 Philippe wa Sita wa Ufaransa aliutaifisha utemi, na Vita vya Miaka Mia kati ya falme hizo mbili vikawaka.

Bordeaux wenyewe walikuwa wakiuza divai. Mwanzoni mwa karne ya 14 kuna mwaka yalisafirishwa mapipa yapatayo 100,000, kila moja likichukua karibu lita 900. Meli zikawa zinapimwa kwa mapipa zinayobeba; tani tunayopimia mchanga na saruji leo imetokana na pipa hilo. Mnunuzi mkubwa alikuwa Mwingereza. Si kwamba walimpenda kipofu: mwana wa mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza alipowatoza kodi ya kila kaya mwaka 1368, mabwana wa Gascony, sehemu ya utemi huo, walikimbilia Paris kushtaki.

Wafaransa waliuteka mji mwaka 1451. Ukombozi, tunaambiwa. Basi mbona mwaka uliofuata wenyeji walimwita Mwingereza arudi, wakampokea jemadari wake John Talbot? Talbot aliuawa Castillon, mashariki mwa Bordeaux, Julai 1453, mbele ya mizinga ya Wafaransa, na Oktoba Bordeaux ikasalimu amri.

Charles wa Saba, mfalme wa Ufaransa, hakujidanganya kuhusu nani anapendwa pale. Alijenga ngome mbili, Trompette na Hâ, kuubana mji wenyewe. Trompette ilibomolewa karne ya 19. Mahali pake leo ni uwanja wa Quinconces.